Taa ya Chumba cha Mkwe

Balbu ya chumba cha mkwe wangu ilipasuka jioni moja, adhana ya magharibi ndiyo kwanza imekwisha. Nilikuwa uani natawadha. Nikasikia mlio mdogo kama bisi inayoruka kwenye chungu, kisha sauti ya mke wangu akimuuliza mama yake kama ameumia. Hakuumia. Vipande vya kioo vilikuwa vimeanguka mbali na kitanda. Mke wangu akavifagia, nami nikasema kesho nitanunua balbu nyingine, nikaenda kuswali.

Mkwe wangu alihamia kwetu Kibiti mwaka ambao maji ya mto yaliingia nyumbani kwake Mohoro yakafika usawa wa madirisha. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara, msemaji wa kiasi, mwenye kuvaa safi hata siku ambayo haendi popote. Alikuja na sanduku moja la nguo, msahafu wake ndani ya mfuko wa nailoni, na vidole vilivyokwisha kupindwa na baridi yabisi. Kikombe alikishika kwa viganja viwili. Swichi ya kawaida ya ukutani ilimshinda, maana kila akibonyeza kidole kinateleza au kinauma mpaka begani. Na macho yake, ambayo yalikuwa yamepasuliwa mtoto wa jicho, hayakuvumilia mwanga mkali. Taa ikiwaka yote alijifunika khanga usoni.

Binti yetu anayefanya kazi Dar es Salaam ndiye aliyemletea bibi yake swichi ya kugusa. Ile haina kitufe. Ina kibati kinachong'aa, na ukikigusa tu, hata kwa mgongo wa mkono, taa inawaka hafifu. Gusa tena, inaongezeka. Mara ya tatu inawaka yote, mara ya nne inazimika. Bibi aliizoea siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo hakumwita mtu tena amwashie taa alfajiri. Tulikuwa tunamsikia anakohoa, tunaona mstari mwembamba wa mwanga chini ya mlango wake, tunajua ameamka kuswali.

Basi kesho yake nikaweka balbu mpya, na taa ikawaka yote bila kuguswa. Nikagusa kibati, haikupungua. Nikagusa tena na tena, ikabaki vile vile, kali kama jua la saa saba. Mkwe wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, khanga imeshafika usoni. Hakulalamika. Alimwambia mke wangu, "Mwambie mumeo aitoe tu hiyo balbu, nitakaa hivi hivi."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, mkono bado kwenye kibati.

Ndivyo tulivyoishi. Kwetu mtu na mama mkwe wake wana mpaka wao, na mimi niliukuta mpaka huo nikauheshimu. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi nikiwa nimeinamisha macho, naye akaitika marahaba akiwa ameangalia pembeni. Mengine yote yalipita kwa mke wangu. Mwambie mumeo chai iko mezani. Mwambie mama nimeleta dawa zake. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Mahege, na wakati wa posa ukoo wake haukunikataa, lakini sikuwahi kujua yeye mwenyewe alinionaje. Miaka thelathini na kitu tulikuwa watu wa kheri, tusiojuana.

Nilimwita fundi umeme wa mtaani. Alikuja, akaifungua swichi, akainusa, akacheka kidogo. Akasema vitu hivi si vya kutengenezwa, ni vya kutupa, na kama nataka atafunga swichi ya kawaida sasa hivi. Nikamshukuru, nikamwambia asubiri. Nikampigia binti yangu. Akasema lile duka alilonunua haliuzi tena swichi za namna ile, ila ataendelea kutafuta. Wakati huo bibi yake alikuwa anakaa gizani kuanzia magharibi. Tulimpelekea taa ya kuchaji, nayo ilikuwa na kitufe kigumu. Koroboi hatukuthubutu kumwachia, kwa vidole vile.

Katikati ya hayo mke wangu akapata habari ya msiba Mohoro, kwa mjomba wake. Ilibidi aende, akae mpaka khitma. Jirani yetu, mke wa mwalimu, akakubali kuja asubuhi na jioni kumwogesha mama na kupika. Mke wangu aliponiaga aliniambia jambo moja tu, kwamba mama hataomba kitu, kwa hiyo niwe naangalia mwenyewe.

Nikaangalia. Siku ya kwanza nilimwona anapapasa ukuta mchana kweupe, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi la barabarani, mkono wake unatafuta kile kibati. Akakigusa kwa mazoea. Taa, ambayo haikuwa hata na balbu, haikufanya kitu. Akashusha mkono, akaendelea na safari yake ya polepole kuelekea mlangoni. Nilikuwa ukumbini, hakuniona. Niliingia chumbani kwangu nikachukua bisibisi.

Mimi si fundi wa umeme. Nimefanya kazi maisha yangu yote kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kule Mtawanya na baadaye hapa mjini, mpaka kifua kilipokataa vumbi la pumba. Mikono yangu inajua mikanda, bolti na grisi. Lakini jambo moja mashine ilinifundisha vizuri, kwamba usitie mkono ndani kabla hujazima. Nikazima meni swichi, nikapima waya kwa testa, nikapima tena, ndipo nikaitoa ile swichi ukutani. Nikatandika mkeka barazani penye mwanga, nikaifungua.

Ndani kulikuwa na kibodi, yaani kibao kidogo cha kijani cha umeme, vidude vimejipanga juu yake kama nyumba za mtaa uliopimwa na serikali. Nilikitazama muda mrefu. Sikuelewa hata kimoja. Nilijisikia kama mtu aliyefungua barua iliyoandikwa kwa hati asiyoijua.

Nikasikia mkongojo. Mkwe wangu alitoka, akaketi kwenye kiti chake cha kamba upande wa pili wa baraza, amenipa bega kama kawaida. Nikamwamkia, akaitika. Nikadhani amefuata upepo. Kisha akasema, akiangalia barabarani:

"Hapo ndani hakuna kitu cheusi chenye miguu mitatu?"

Niligeuka kuona kama jirani amekuja. Hakukuwa na mtu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananisemesha mimi. Nikajibu kwamba kipo, mama.

"Kitazame tumboni. Kama kimepasuka, au kina alama ya kuungua, ndicho kilichokufa. Balbu ikifa kwa kishindo, huwa inaondoka na mwenzake."

Nikakiinua kibodi karibu na macho. Kitu cheusi chenye miguu mitatu kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na pembeni yake ubao ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa akiitarajia.

Adabu ilinizuia, na hamu ya kujua ikanisukuma. Mwishowe nikasema tu kwamba sikujua kama mama ana elimu ya vitu hivi. Ndipo akanieleza, taratibu, bega lake bado limenielekea.

Marehemu mume wake alikuwa na duka Mohoro, la vitambaa, mafuta ya taa na betri. Hilo nilikuwa nalijua. Nilijua pia kwamba alikuwa fundi redio mwenye jina, watu walimletea redio kutoka vijiji vya juu na vya chini ya mto, wengine kwa mtumbwi, wakasema hakuna mkono kama wake. Nilichokuwa sijui ni kwamba macho ya yule mzee yalianza kufifia mapema sana, miaka michache baada ya ndoa, na kwamba aliyekuwa akitengeneza zile redio alikuwa mkewe. Mzee alipokea mteja dukani, akasikiliza shida, akaipeleka redio stoo nyuma ya magunia. Huko stoo kulikuwa na jiko la mkaa, kipande cha chuma kilichochongwa ncha cha kulehemia, na mwanamke kijana aliyefundishwa kazi na mumewe kidogo kidogo mpaka akampita. Akimaliza, mzee anaitoa redio mbele, inaimba, watu wanamsifu.

Aliniambia mumewe hakuwa mtu wa kuiba sifa. Ilimchoma. Mara mbili alitaka kuwaambia watu, na mara zote mbili ni yeye mkewe aliyemkataza, kwa sababu wateja wangeacha kuja, na kwa sababu mtu anayepoteza macho hapaswi kupoteza na jina. Watoto walijua tu kwamba mama anapenda kukaa stoo.

Nikakiweka kile kibodi kwenye mkeka. Nikasema, "Mama, basi nielekeze. Mikono ninayo."

Akageuka. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu iliyo kwenye mkeka, mikubwa, yenye makovu ya mikanda. Akasema itafaa, ikifundishika.

Shida ya kwanza ilikuwa kile kidude chenyewe. Yeye alikiri kwamba enzi zake walikuwa na transista za redio, na kwamba hiki si transista, ni ndugu yake tu, na hakujua kinapatikana wapi. Hapo nami nikapata mchango wangu. Nilikumbuka kwamba feni ya ukumbini iliwahi kuharibika mota, nikaiondoa pamoja na regyuleta yake, ile ya kuzungusha ili iende kasi au polepole. Nikawaza, kazi si ni moja, kuupunguza umeme. Nikaenda kuitafuta kwenye kopo la misumari, nikaifungua. Ndani yake kilikuwepo, cheusi, miguu mitatu. Mkwe wangu akaniagiza nisome maandishi ya kile cha zamani, herufi moja moja, halafu ya kile cha regyuleta. Akanirudisha nisome tena. Yalilingana yote isipokuwa herufi ya mwisho. Akafikiri. Akasema herufi ya mwisho ni jina la baba, jina la mtoto ni lile lile, tujaribu.

Nilitembea mpaka stendi, kwa fundi simu, nikaazima kwake chuma cha kulehemia cha umeme na kipande cha waya wa risasi, ile inayoyeyuka kuunganisha vyuma. Aliniuliza mzee unataka kufungua ofisi. Nikamwambia nimeajiriwa leo.

Kazi yenyewe ilianza vibaya. Kukitoa kile kilichokufa nilitumia nguvu, kwa sababu mikono yangu imezoea kitu kisichotoka mpaka kilazimishwe. Mguu mmoja ulipotoka, ulitoka na utepe mwembamba wa shaba uliokuwa umebandikwa kwenye ubao. Nikamwambia mkwe wangu kwamba nimeharibu, na kwamba pengine yule fundi alisema kweli.

Yeye hakukasirika. Aliniuliza kama utepe umekatika sehemu moja au mbili. Moja. Akasema basi ni daraja limevunjika, mto haujahama. Nichukue uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa taa, niulaze pale palipokatika, niulehemu huku na huku.

Nikajaribu kulehemu. Risasi ikaganda kwenye ncha ya chuma kama nta, ikadondoka kwenye suruali yangu, ikakataa kushika pale ninapotaka. Nikapaka nyingine juu yake. Mkwe wangu akavuta kiti chake karibu, mkongojo ukaanguka, hakuujali.

"Usipake kama unapaka siagi," akasema. "Pasha mguu kwanza. Mguu ukishapata moto, wenyewe utaiita risasi."

Nikapasha mguu, nikahesabu moyoni, nikagusisha waya wa risasi. Mkono wangu ulitetemeka, si kwa uzee tu, ni kwa kuogopa kukosea mbele yake. Ncha ikahama, nikakaribia kuunguza kidude cha jirani. Ndipo alipofanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikunja pembe ya khanga yake juu ya mkono wake, kwa sababu ya mpaka uliokuwepo kati yetu, na akauweka mkono ule uliopinda juu ya kifundo cha mkono wangu. Haukuwa na nguvu. Ulikuwa na uzito tu, uzito mdogo kama wa ndege, lakini mkono wangu ukatulia. Tukakaa hivyo kidogo. Risasi ikayeyuka, ikatiririka kuzunguka mguu, ikaganda inang'aa.

"Ndiyo hiyo," akasema. Akauondoa mkono.

Miguu miwili iliyobaki niliilehemu peke yangu, yeye akiangalia. Wa mwisho nilidhani ni mzuri, akanirudisha niupashe upya.

Jua lilikuwa limeanza kuinama nilipoirudisha swichi ukutani. Nikafunga skrubu, nikaweka balbu, nikaenda kuwasha meni swichi. Taa haikuwaka. Hilo peke yake lilinipa moyo, maana mwanzo ilikuwa inawaka bila kuombwa. Nikagusa kibati. Kimya. Nikagusa kwa kiganja kizima. Kimya. Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu. Akaniuliza kibati kinaongeaje na bodi, kwa waya au kwa springi. Nikakumbuka springi ndogo niliyoiona wakati wa kufungua. Nikazima tena umeme, nikatoka barazani, nikapapasa mkeka. Ilikuwa imejificha kwenye msuko, ndogo kama ya kalamu.

Mara ya pili, baada ya kuwasha meni swichi, sikutaka kugusa. Nikarudi nyuma, nikamwambia, "Karibu, mama."

Aliingia hatua kwa hatua. Akagusa kibati kwa mgongo wa mkono. Taa ikawaka hafifu, rangi ya asali, ikaonyesha kitanda, sanduku, msahafu juu ya marfaa. Akagusa tena, ikapanda. Akagusa tena, ikawaka yote, naye akafumba macho lakini hakujifunika khanga. Akagusa, ikazima. Halafu akarudia tangu mwanzo, polepole, akaiacha kwenye ule mwanga wa kwanza. Sikumwona mwanamke mzee aliyeletwa kwetu na mafuriko. Nilimwona fundi anayekagua kazi kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

Alisema Mungu anipe mikono yenye afya mpaka mwisho, na kutoka kwa mtu mwenye vidole vile, sijui dua kubwa kuliko hiyo. Nikaitika amina. Nikatoka haraka kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kunisaliti.

Mke wangu aliporudi kutoka Mohoro alisimama kwanza nje ya geti, akidhani tuna wageni, kwa sababu alisikia sauti mbili barazani. Tulikuwa tumefungua redio yangu ya zamani. Mama yake alikuwa ananieleza kwa nini inakoroma. Mke wangu akaweka mzigo chini, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza nani amekufa tena. Jioni ile nilimsimulia yote, mbele ya mama yake, na mama hakunikatiza. Mke wangu alilia kidogo, kwanza kwa ajili ya baba yake, kisha kwa hasira, kwamba alikua nyumba moja na jambo hilo asilijue. Mama yake akamwambia hakuwahi kuulizwa, na mumeo huyu hakuuliza pia, alikaa tu kwenye mkeka na kibodi asichokielewa.

Habari ilienea mtaani kwamba nimetengeneza kitu ambacho fundi alisema kitupwe. Watu msikitini wakaanza kunitania, wakaniita injinia. Ilinikera kwa namna ambayo sikuweza kuieleza. Nikaenda kwa mkwe wangu, nikamwomba ruhusa niseme kazi ilikuwa ya nani. Kisha akasema walioweza kumdharau mumewe kwa hilo wamekwisha kufa, na yeye mwenyewe angependa kusikia linavyosikika likisemwa. Kwa hiyo nikasema. Wazee wawili wa asili ya Mohoro walibisha, mmoja akakumbuka redio ya baba yake, akanyamaza.

Binti yangu aliipata swichi mpya baadaye, akaituma kwa basi. Ipo kabatini. Ile ya zamani bado inafanya kazi ukutani, na kuna siku balbu inacheza kidogo umeme unapokuwa mdogo, nami ninaogopa, lakini hutulia.

Mkongojo wa mkwe wangu umeongezewa mpira chini, macho yamepungua zaidi, na siku za baridi vidole havikunjuki kabisa. Siku hizi namwamkia na kumtazama. Ananiuliza nimelalaje, ananiuliza mwenyewe. Mara nyingine jirani analeta pasi au redio ambayo imegoma, tunatandika mkeka, yeye kwenye kiti cha kamba, mimi chini. Nyingi tunashindwa. Alfajiri ninapoamka kwenda msikitini napita mbele ya mlango wake, na nikiona ule mwanga hafifu kwenye sakafu, namshukuru Mungu kwa balbu iliyopasuka, kwa fundi aliyecheka, hata kwa ule utepe wa shaba nilioung'oa kwa haraka zangu. Halafu navaa makobazi, natoka.